Matokeo Thelathini na Moja

Ukurasa wa 3,906 ulikuwa umeingia kichwa chini. Niliugeuza, nikaunyoosha hadi mistari ikalala sawa, nikafuta ule ukanda mweusi wa pembeni ambao programu huudhania kuwa safu ya herufi, kisha nikaiamuru isome. Kabla sijameza funda la pili la kahawa, maneno yalikuwa yamekwisha kukaa nyuma ya picha. Huwezi kuyaona kwa macho, lakini yapo. Ukipitisha kipanya juu ya picha unayashika moja moja.

"Lete mwingine," nilisema.

"Subiri kidogo. Huu umejikunja kama mkia wa nguruwe."

Aliyejibu ni Preben, ambaye kazi yake ilikuwa kuilisha skana. Alikuwa mpeleka barua wa kijiji chetu cha Hvidmose kwa miaka thelathini na minne, na bado anashika karatasi kwa ncha za vidole kana kwamba kuna mtu anaisubiri. Aliutandaza ukurasa kwenye kioo, akaukandamiza kwa kiganja, huku akivumisha wimbo puani. Amekuwa akiuvumisha wimbo huohuo tangu tuanze kazi hii mwezi wa Januari. Sikuwahi kumuuliza ni wimbo gani.

Mimi nilikuwa fundi wa lifti mjini. Mambo ya kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma maelekezo mara mbili na kukosea mara tatu. Nilihamia hapa miaka minane iliyopita, na kwa hesabu ya watu wa huku bado sijamaliza kushusha mizigo. Walipogundua kwamba siogopi nyaya, walinipa ufunguo wa nyumba ya kumbukumbu, yaani darasa la zamani la shule, na ndani yake masanduku arobaini ya nyimbo.

Watu wa Hvidmose hawaoani wala hawazeeki pamoja bila wimbo. Mtu hutunga maneno mapya juu ya tuni inayojulikana na wote, akayachapa, akaichora karatasi pembeni, na wageni huimba wakiwa mezani kati ya nyama na kitindamlo. Baadaye karatasi hukunjwa na kutupwa kwenye droo. Mwenye droo akifa, droo inaletwa kwetu. Nia yangu ilikuwa kwamba mtu yeyote aandike neno moja katika kisanduku cha kutafutia, aletewe kila ukurasa wenye neno hilo. Tulikuwa tumeahidi kukifungua kisanduku hicho kwa watu wote siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ila asubuhi ile nilikuwa na shida, nayo ililetwa na Jytte.

Jytte ndiye jirani wa karibu wa Grethe na Verner, ambao Jumamosi walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jirani wa karibu ndiye mwenye kazi ya lango. Ijumaa jioni anakusanya mtaa, wanasuka matawi ya misonobari kuzunguka mlango wa wenye sherehe, na Jumamosi saa moja asubuhi wanasimama chini yake na tarumbeta kuwaamsha. Wenye sherehe hawatakiwi kujua lolote. Grethe alikuwa amekwisha kuagiza mikate mia moja na ishirini ya kifungua kinywa kwa ajili ya jambo asilolijua.

"Nataka ule wimbo wao wa mwaka sabini na nne," Jytte aliniambia siku ya Jumatatu. "Ule wa Shangazi Asta. Tuwaimbie uleule mlangoni."

Nilijaribu kwanza kutafuta kwa majina. Haikufaa. Shangazi Asta alikuwa na mtindo wa kuandika majina ya maarusi kwa upinde juu ya karatasi, kila herufi imeinama upande wake, na programu ikifika hapo husoma nukta na mikwaruzo tu. Nikamuuliza Jytte kama anakumbuka japo mstari mmoja. Alinipa miwili bila hata kufikiri:

*Alimuona uani, ndoo mbili mkononi,*
*kamsahau farasi aliyemwacha njiani.*

Niliandika "ndoo mbili mkononi" katika kisanduku. Nilitarajia tokeo moja. Nikapata thelathini na moja.

Sikumlaumu mtu. Mashine ikitoa jibu la ajabu, mara nyingi ni kwamba umeiuliza vibaya. Nilidhani Preben ameskani sanduku moja mara nyingi, nikaangalia tarehe za mafaili, la. Nikadhani programu imeliingia folda la nakala za akiba na kuhesabu kila kitu upya; la. Basi Jumatano asubuhi nikaifuta faharasa yote, ile orodha ya kila neno na ukurasa lilipo, nikaanza kuijenga tena kutoka mwanzo. Ilichukua saa tatu. Preben alinitazama nikiifuta, akasema "Hm," akaenda kutia maji kwenye birika.

Ilipokamilika niliandika tena mstari uleule.

Thelathini na moja.

"Preben," nilisema, "sielewi kabisa."

"Kuna keki ya nazi," alisema Preben. "Jytte ndiye aliyeoka. Si mbaya."

Huku "si mbaya" ni sifa kubwa. Mtu akiipata mara mbili katika wiki moja huona haya kutoka nje.

Nikaamua kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kufungua kurasa moja moja na kuziangalia kwa macho yangu. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya waridi, mwaka 1969. Ya pili ilikuwa na wino wa zambarau wa mashine ya kurudufu ya shule, mwaka 1972, na alama ya kikombe cha kahawa. Ya tatu ilikuwa na mchoro wa trekta. Maarusi mbalimbali, wazee wa miaka sitini, wenye harusi ya fedha ya miaka ishirini na mitano, hata daktari wa mifugo aliyekuwa anastaafu. Na katika kila ukurasa mtu alimwona mtu uani, ndoo mbili mkononi, akamsahau farasi. Daktari wa mifugo alikuwa amesahau gari.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa mlango ulipofunguliwa, na kigari cha kutembelea kikatangulia kuingia. Nyuma yake alikuwa Shangazi Asta.

Ana miaka tisini na mmoja, na kijiji kizima humwita shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja. Ndiye aliyetunga nyimbo za Hvidmose kwa miaka arobaini, mpaka macho yalipomwishia nguvu mwaka 2003. Mara nne nilikuwa nimemwomba atuletee madaftari yake, na mara nne alikuwa ameniambia yako chini ya kitu kizito.

Preben alimvutia kiti, akamkatia keki, kisha akakumbuka ghafla kwamba kuna sanduku amelisahau chumba cha nyuma.

Asta hakuigusa keki. "Egon, mwanangu, nasikia una mashine inayotafuta neno."

"Ninayo, Shangazi."

"Neno lolote?"

"Lolote ililoweza kulisoma."

"Na ikilipata mahali pengi, inasema?"

"Inasema. Na idadi inaiandika pale juu."

Alitazama skrini. Macho yake ni mabovu, lakini tarakimu zangu ni kubwa kwa sababu na mimi nina miaka sitini na tisa.

"Basi nimechelewa," alisema.

Nilimpa nafasi. Nimetumia maisha yangu kuzungumza na watu waliokwama ndani ya lifti, na nimejifunza kwamba ukikaa kimya wanakueleza wenyewe.

"Nilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja," alisema mwishowe. "Na mume mwenye mgongo mbovu. Watu walikuwa wanakuja Alhamisi, harusi ni Jumamosi. 'Asta, tutungie, wewe kwako ni jambo dogo.' Wa kwanza niliutunga kwa wiki tatu. Ulipendwa mno. Basi wa pili nikabadilisha majina. Nikajiambia, mara hii tu."

"Na wa thelathini na moja?"

"Hata huo nilijiambia mara hii tu." Akavuta pumzi. "Jumamosi Verner ananikalisha meza kuu. Amekwisha kuniambia. Atanisimamisha mbele ya watu sabini anishukuru kwa wimbo niliowatungia wao peke yao. Peke yao, Egon! Amesema hivyo kwenye simu, mara mbili. Na wewe unafungua mashine yako Ijumaa, na wapwa zake wote wana simu mfukoni."

Alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Huwezi kuiambia ioneshe mmoja tu? Ule wao?"

Ningeweza. Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo, na hakuna ambaye angegundua. Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Lakini kurasa thelathini zilizobaki nazo zilikuwa na wenyewe. Mtu angekuja kutafuta harusi ya mama yake, angeandika mstari anaoukumbuka, na mashine ingemwambia haupo. Na ningekuwa mimi niliyeifundisha kusema hivyo.

"Shangazi," nilisema, "niache nifikirie mpaka kahawa iishe."

"Kunywa polepole basi."

Nilikuwa nimebakiza nusu kikombe mlango ulipofunguliwa tena. Alikuwa Jytte, amevaa sweta lililojaa miiba ya msonobari, na kamba begani.

"Egon! Umeupata? Wapiga tarumbeta wanauliza waanzie wapi, na kuna mjinga amekata matawi mafupi, itabidi lango liwe la watu wafupi. Ah, Shangazi! Hata wewe upo. Keki yangu imebaki?"

Kabla sijainuka alikuwa amekwisha kuinama juu ya bega langu. Niliweka mkono mbele ya skrini, jambo la kipumbavu, kwa sababu mkono wangu ni mmoja na skrini ni pana. Jytte alisoma. Nilimsikia akihesabu chini ya pumzi. Shangazi Asta aliukumbatia mkoba wake kifuani kama mtu anayesubiri basi kwenye mvua.

"Thelathini na moja," alisema Jytte. "Thelathini na moja tu?"

Aligonga skrini kwa ukucha.

"Egon, mashine yako ni mbovu. Wangu wa miaka kumi ya ndoa uko wapi? Mwaka themanini na tisa. Na wa dada yangu? Na wa mchungaji yule mrefu aliyekuwa anaogopa mbwa? Haifiki hamsini hii?"

"Kurasa bado zinasomwa," nilisema. "Tuko kwenye 3,906 kati ya elfu tisa."

Asta aliinua kichwa taratibu. "Jytte. Wewe ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba ni wimbo mmoja."

Jytte alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anajua maziwa hutoka wapi. "Shangazi jamani. Unakumbuka harusi ya Inga, umeme ulipokatika? Ukumbi mzima giza, hakuna aliyeiona karatasi yake, na tuliimba mpaka mwisho. Ulidhani tulikuwa tunasomea wapi?"

"Nilidhani mmeipitia kabla."

"Kila mtu anajua. Tangu harusi ya dada yangu, sabini na moja. Kila mtu!"

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Nani angekwambia? Ungeacha kutunga."

Shangazi Asta aligeuka mwekundu kuanzia shingoni. "Miaka hamsini! Miaka hamsini nimekuwa nikificha madaftari chini ya mapipa ya maziwa. Mgongo wangu! Na ninyi mnanicheka."

"Nani kacheka? Tuliimba. Preben! Toka huko nyuma, najua unasikiliza. Tulimcheka Shangazi?"

Preben alitokeza kichwa mlangoni. "Mara moja. Ile ya daktari wa mifugo na gari."

Ndipo nikautambua ule wimbo wa puani: ulikuwa huuhuu wa ndoo mbili. Alikuwa akinivumishia jibu tangu Januari.

"Ulijua," nilimwambia. "Umeniona nikifuta faharasa yote. Saa tatu, Preben!"

"Mimi ni mpeleka barua, Egon. Sisomi barua za watu kwa sauti." Akafikiri kidogo. "Halafu ulionekana unafurahia."

Nilijikatia kipande cha keki.

Jytte alikuwa amekwisha kukaa, kipande cha keki mkononi, makombo yakimwagikia kamba. "Sikiliza, Shangazi. Beti zile nyingine ni za kila mtu. Tunaziimba huku tunatafuna. Tunachongoja ni ubeti wa tatu. Ukifika wa tatu watu wanaweka uma chini."

"Wa tatu?" Asta alikunja uso. "Wa tatu ndio niliotunga zizini wakati nakamua. Ule sikuwa hata na meza."

"Ndio huo. Ule haukuwahi kurudiwa."

Nilirudi kwenye kibodi. Hapa angalau palikuwa na swali linaloweza kupimwa. "Jytte, unakumbuka chochote cha ubeti wa tatu wa Grethe na Verner?"

Alitafuna, akatazama dari. "Niliusikia mara moja, nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa namtazama mpiga kinanda. Lakini kulikuwa na reki. Nakumbuka reki."

Niliandika neno moja, *reki*, na kubonyeza.

Tokeo moja.

Sijui kama ninaweza kueleza furaha ya jambo hilo kwa mtu ambaye hajakesha na faharasa. Kurasa karibu elfu nne, zilizokunjwa, zilizomwagiwa mchuzi, zilizolala kichwa chini, na neno moja dogo la shambani likainuka peke yake na kusema: nipo hapa. Ukurasa wa 2,214. Nikaufungua. Juu kulikuwa na upinde wa mikwaruzo, na sasa nilipoujua, macho yangu yalisoma ambacho programu ilishindwa: Grethe na Verner. Nikaukuza ubeti wa tatu mpaka ukajaza skrini, nikaisogeza mbele ya Shangazi Asta.

Alisogeza pua karibu na kioo, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mgeni:

*Mara tatu kaazima reki kwa baba mkwewe,*
*mara tatu karudisha, asiseme la moyowe;*
*ya nne Grethe kanena: Ni reki ama ni miye?*
*Verner kaiacha reki, akamchukua yeye.*

Jytte aliweka keki chini. Preben alitoka kabisa chumba cha nyuma.

"Nani kaandika huu?" aliuliza Asta.

"Wewe, Shangazi," nilisema.

Aliusoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza akaivuta sahani ya keki.

"Si mbaya," alisema.

Jytte alicheka mpaka miiba ikamdondoka. Preben akaanza kuuimba, sasa kwa mdomo, na Jytte akamdaka kwenye mstari wa pili, na Asta akawapigia mapigo kwa kijiko kwenye kikombe, akiwasimamisha kila walipokosea. Mimi siimbi, lakini nilibofya kwenda ubeti uliofuata walipouhitaji. Waliurudia ule wa tatu mara nne. Niligundua baadaye kwamba na mimi nilikuwa nimeweka kikombe chini.

"Na Jumamosi?" nilimuuliza Asta walipotulia. "Verner akikusimamisha?"

"Nitasimama," alisema. "Nitamwambia nimemtungia ubeti mmoja, na huo ni wake. Zile nyingine aseme asante kwa kijiji." Akanielekezea kijiko. "Na hiyo mashine yako usiiguse. Iache ioneshe zote."

Nilichapa nakala sabini. Jytte alizifunga kwa ile kamba ya lango, akafika mlangoni, akarudi. "Wangu wa themanini na tisa. Jaribu basi. Andika *mtumbwi*. Tulizama kwenye fungate."

Niliandika. Hakuna tokeo.

"Uko mbele huko, haujasomwa," nilisema. "Kesho, labda."

"Nitakuja kesho," alisema. "Nitaleta keki nyingine, ili uharakishe."

Alipoondoka, Shangazi Asta alianza safari ndefu ya kuinuka. Nilimshika kiwiko. "Kuna madaftari kumi na manne," alisema bila kunitazama. "Preben ana gari. Mapipa yenyewe ni matupu, siku zote yalikuwa matupu, niliyaweka kwa kuonekana tu. Mashine yako itasoma mwandiko wangu?"

Ilinibidi niseme kweli. "Hapana. Inasoma chapa. Mwandiko wa mkono inaona kama kuku amepita."

"Hata mume wangu alisema hivyo."

"Lakini kama wewe utasoma, mimi nitaandika. Neno kwa neno. Tutaliweka nyuma ya picha kwa mikono."

"Madaftari kumi na manne? Nina miaka tisini na mmoja, Egon."

"Basi tuanze saa tatu badala ya saa nne."

Alifika mlangoni, akakisimamisha kigari. "Mwezi wa tano unatimiza sabini, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Preben."

Preben alikuwa akifuta kioo cha skana kwa makini makubwa.

"Anasema pia uliwahi kukwama kwenye lifti ya hospitali," alisema Asta. "Ulikuwa na nani humo ndani?"

"Na mpishi mkuu na sufuria ya supu. Kwa nini unauliza?"

"Sina sababu," alisema, akatoka akihesabu mizani kwa vidole juu ya mpini wa kigari.

Nilirudi kitini. Jua la saa kumi lilikuwa limefika kwenye ramani ya zamani ukutani, saa ambayo sisi hufunga. Niliihifadhi faharasa mara mbili, sehemu mbili tofauti, na safari hii sikufuta kitu. Kisha nikaandika kwenye karatasi ya njano na kuibandika ukingoni mwa skrini: *Kesho: kuanzia 3,907. Tafuta mtumbwi.* Preben alisoma juu ya bega langu, akachukua kalamu, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake wa bahasha: *Lete gari. Mapipa.*